Watoto wa Kolwezi wafundishwe mpira kabla ya kuombwa makombe

Pita jioni Kasulo, Kapata, Luilu, Musonoi ao Mutoshi. Kila mahali palipobaki wazi kati ya nyumba na mashimo ya madini, utaona watoto wanakimbiza mpira. Wengine wana mpira wa kweli, wengine wamekunja mifuko ya plastiki na kuifunga kamba. Hakuna aliyewaita, hakuna anayewalipa. Mji wetu haujawahi kukosa watoto wanaopenda mpira.

Kinachokosekana ni mafundisho. Ekipi za watoto ziko nyingi katika komini za Dilala na Manika, na kila mwaka kunazaliwa zingine zenye majina makubwa ya “akademi” na “kituo cha mafunzo”. Lakini ukikaa pembeni ya kiwanja na kutazama kinachofanyika, mara nyingi utaona ekipi ya watu wazima iliyofanywa ndogo: kukimbia kuzunguka kiwanja, kujipanga kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, kupiga mipira mirefu, na kocha anayepiga kelele kwa sababu Jumapili kuna mechi. Mtoto anaingia hapo na miaka kumi, anatoka na miaka kumi na saba, na bado hajui kutumia mguu wake wa kushoto.

Maoni yangu ni haya: tunawaomba watoto wetu makombe kabla ya kuwafundisha mpira, na kwa kufanya hivyo tunapoteza yote mawili.

Hesabu ya mpira mmoja

Tuanze na hesabu rahisi. Kocha ana watoto 30, mpira mmoja, na saa moja na nusu ya mazoezi. Hata kama angegawa ule mpira kwa haki kabisa, kila mtoto angeupata dakika tatu tu. Na hagawi kwa haki, kwa sababu wale wakubwa na wenye nguvu ndio wanaoupata zaidi. Mtoto mdogo wa pembeni anaweza kurudi nyumbani na vumbi hadi masikioni bila kuugusa mpira mara kumi.

Sasa mkusanye wale watoto 30 kwa namna nyingine. Kata kiwanja vipande vinne kwa kutumia mawe ao chupa za plastiki zilizojazwa mchanga. Cheza wanne kwa wanne ndani ya vipande vitatu na watatu kwa watatu ndani ya cha nne, kila kipande na mpira wake. Hapo hakuna mahali pa kujificha. Mtoto anapokea mpira, anapoteza, anaurudisha, anatoa pasi, anapiga goli, na baada ya dakika moja mpira umemrudia tena. Kwa mazoezi hayo hauitaji nyasi wala jukwaa. Unahitaji mipira minne na kocha anayejua anachotafuta.

Kila umri una somo lake. Kati ya miaka minane na kumi na miwili, mwili wa mtoto unashika haraka mambo ya ufundi: kutuliza mpira kwa mguu wowote, kugeuka nao, kupiga chenga, kuinua kichwa kabla ya mpira kufika. Huo si umri wa kumfundisha mtoto kulinda matokeo ya goli moja kwa bila. Kati ya miaka kumi na mitatu na kumi na mitano, mwili unakua kwa kasi, wengine wanarefuka kwa miezi michache, wengine wanachelewa. Huo ni wakati wa kufundisha kucheza pamoja: nani asogee wapi wakati mwenzake ana mpira, na nani afunge nafasi wakati mpira umepotea. Kuanzia miaka kumi na sita ndipo nguvu, mbinu za mechi na ushindani wa kweli vinapata nafasi yao.

Kocha anayepindua utaratibu huu, akaanza na nguvu na matokeo, atapata kombe la mtaa. Lakini mtoto ambaye hakujifunza kutuliza mpira akiwa na miaka kumi, atapata shida sana kujifunza akiwa na ishirini, mbele ya mashabiki wanaomzomea.

Wabelgiji walifanya nini

Mtu atasema haya ni mambo ya Wazungu wenye pesa. Basi tuwatazame hao hao, maana historia yetu na yao imefungana.

Mwaka 2000 Ubelgiji ilipokea Kombe la Ulaya pamoja na Uholanzi, na ikatolewa mapema katika makundi, mbele ya watu wake. Ilikuwa aibu. Michel Sablon, aliyekuwa mkurugenzi wa ufundi wa shirikisho lao, hakuanza kwa kununua wachezaji ao kujenga stade. Alianza na watoto. Wadogo sana wakacheza wawili kwa wawili, kisha watano kwa watano, kisha wanane kwa wanane, kabla ya kufika kumi na mmoja. Kwa watoto wa chini ya miaka minane, msimamo wa ligi ukaondolewa: hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho. Vilabu vingine vilipinga sana. Lakini mwaka 2018 Ubelgiji ilimaliza ya tatu katika Kombe la Dunia.

Na sisi Wakongomani tunajua ni nani waliokuwa ndani ya ekipi ile. Romelu Lukaku, ambaye baba yake Roger alivaa jezi ya Zaire. Michy Batshuayi. Youri Tielemans, ambaye mama yake ni Mkongomani. Damu ni ile ile ya watoto wanaokimbiza mpira Kapata na Goma, Bukavu na Kalemie. Tofauti ilikuwa katika mafundisho waliyoyapata wakiwa wadogo.

Tazama pia Leopards wetu waliofika nusu-fainali ya Kombe la Afrika huko Côte d’Ivoire mwanzoni mwa 2024. Yoane Wissa, Cédric Bakambu, Arthur Masuaku, Gaël Kakuta: wote wamezaliwa na kufundishwa Ufaransa. Tunawapenda na tunawashangilia, ni ndugu zetu. Lakini inchi yenye watoto wengi kama yetu haipaswi kutegemea masomo ya mpira ya wengine kujaza ekipi yake ya taifa.

Wala tusiseme kwamba Katanga haiwezi. Mwaka 1939 ni watawa Wabenediktini wa Lubumbashi, waliokuwa wakifundisha vijana masomoni, walioanzisha ekipi ambayo leo tunaiita TP Mazembe. Ile ekipi iliyozaliwa masomoni ilichukua Kombe la Vilabu Bingwa vya Afrika mara tano, na mwaka 2010 ikafika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu dhidi ya Inter Milan. Golikipa wake siku hiyo, Robert Kidiaba, ni mtoto wa hapa hapa katika ukanda wa shaba, mzaliwa wa Likasi. Na mwaka 2024 wanawake wa Mazembe walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Kwa hiyo ninapoandika “watoto”, ninasema wasichana pia, ambao katika mitaa yetu mingi bado wanafukuzwa kiwanjani waende kuchota maji.

Umri wa uongo unakula watoto wawili

Kuna ugonjwa ambao kila mtu anaujua na wachache wanausema kwa sauti: kupunguza miaka. Katika mashindano ya chini ya miaka 15 unaona kijana mwenye ndevu, na wazazi pembeni wanacheka. Si jambo la kuchekesha. Uongo huo unakula watoto wawili kwa mara moja.

Wa kwanza ni yule wa miaka 14 ya kweli, anayekaa kwenye benchi kwa sababu nafasi yake imechukuliwa na kijana wa miaka 18. Pengine ndiye mwenye mpira zaidi, lakini hawezi kusukumana na mtu mzima. Anachoka, anaacha, na mji unampoteza bila kujua ulikuwa naye.

Wa pili ni yule aliyedanganyiwa umri. Siku moja hesabu itamfikia. Tangu 2009 FIFA inatumia mashine kupima mifupa ya kiganja katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Januari 2023, Cameroon iliwaondoa vijana 21 kati ya 30 wa ekipi yake ya U17 baada ya kipimo hicho. Na sisi tunalo la kwetu: Silas, aliyekuwa mshambuliaji wa Stuttgart, ambaye Ujerumani nzima ilimjua kwa jina la Wamangituka. Juni 2021 ilitangazwa kwamba jina lake la kweli ni Katompa Mvumpa, na kwamba ana mwaka mmoja zaidi. Kwa maelezo yake na ya klabu yake, ni meneja wake wa zamani aliyembadilishia jina na tarehe, akamshika kwa hofu. Shirikisho la Ujerumani lilimsimamisha miezi mitatu na kumtoza euro 30.000. Huyo alikuwa na bahati, klabu yake ilisimama naye. Wengine wanarudishwa nyumbani na hakuna gazeti linaloandika.

Dawa inaanza mbali na kiwanja, katika ofisi ya état civil. Sheria ya familia iliyorekebishwa 2016 inampa mzazi siku 90 kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Klabu ya watoto inayojiheshimu ingedai cheti cha kuzaliwa sawa vile inavyodai viatu, na ingemsaidia mzazi asiyekuwa nacho kukitafuta kwa njia ya kweli.

Pesa tunazoacha barabarani

Hapa ninawaomba wakubwa wa vilabu wasome polepole, kwa sababu ni mambo ya mfuko wao.

Kanuni za FIFA zinasema: mchezaji anapouzwa toka klabu ya inchi moja kwenda ya inchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa kwa vilabu vyote vilivyomlea kuanzia mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 12 hadi mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23. Kwa kila mwaka kati ya miaka 12 na 15, klabu inapata asilimia 0,25 ya bei. Kwa kila mwaka kati ya miaka 16 na 23, asilimia 0,5.

Fanya hesabu. Tuseme mtoto amecheza katika klabu ndogo ya Manika toka miaka 12 hadi 17. Ni miaka sita: minne ya kwanza inaleta asilimia 1, miwili ya mwisho asilimia 1 nyingine. Siku moja klabu ya Ulaya inamuuza kwa nyingine kwa euro milioni 4. Haki ya ile klabu ya Manika ni euro 80.000. Na kila akiuzwa tena, haki inarudi. Pesa hizo zingenunua mipira ya miaka mingi na kulipa makocha.

Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu huko Paris inayokusanya na kugawa malipo haya. Lakini inasoma kilichoandikwa. Kama mtoto hakuandikishwa katika mfumo wa shirikisho, mwaka kwa mwaka, kwa jina lake la kweli na tarehe yake ya kweli, basi kwa macho ya ofisi hiyo hakuwahi kucheza Kolwezi. Klabu inayobadilisha umri ao jina la mtoto ili ishinde kombe la mtaa inachoma yenyewe karatasi ambayo ingeilipa kesho. Na klabu inayomkabidhi mtoto kwa meneja kwa bahasha ya dolari chache, bila risiti, inafanya vile vile. Wazazi nao wajue: FIFA inakataza kuhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 toka inchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana. Mtu anayekuja na viza ya mtoto wa miaka 15 na ahadi za Ulaya, muulizeni maswali.

Na pesa za madini je?

Hatuwezi kuzungumza mambo ya Lualaba na kunyamazia madini. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka hapa. Wakati wa Union Minière na kisha Gécamines, kampuni iliendesha masomo, hospitali na viwanja kwa watoto wa wafanyakazi. Gécamines ilipoanguka, hasa baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990, viwanja vilianguka nayo.

Leo kampuni zimerudi, na sheria iko. Kanuni ya madini ya 2018 inaziagiza kutoa angalau asilimia 0,3 ya mapato ya mauzo yao kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Tena, katika kodi ya madini inayoitwa redevance, asilimia 25 inaenda kwa provinsi na asilimia 15 kwa komini ao sekta ambamo mgodi uko. Mji una stade Dominique Diur, na ni jambo jema. Lakini stade moja inaonyesha mpira wa wale waliokwisha kufundishwa. Mtoto wa Luilu hawezi kujifunza humo kila jioni.

Ninajua jibu litakalokuja: maji kwanza, dispensari kwanza, barabara kwanza. Ni jibu zito, na sitalidharau. Mama anayeamka usiku kutafuta maji hawezi kuambiwa asubiri kiwanja. Lakini ninachoomba si stade ya pili. Ninaomba vipande vya ardhi vilivyosawazishwa na kulindwa kwa hati, moja katika kila mtaa, visije vikauzwa kesho ao kugeuzwa shimo. Ninaomba mipira. Ninaomba posho ya kila mwezi kwa makocha wa watoto waliopata mafunzo, ili mkate wao usitegemee kombe la Jumapili. Kwa sababu tusimlaumu kocha bure: anayelipwa tu akishinda, atatafuta kushinda, hata kwa ndevu za wengine.

Tena tuseme ukweli kuhusu karieri. Mwaka 2016 Amnesty International na Afrewatch walionyesha dunia watoto wanaookota na kuosha kobalti katika mji huu. Mpira peke yake hauwezi kumtoa mtoto shimoni, kwa sababu anaenda kule kutafuta bukari ya jioni. Lakini klabu inayomtazama mtoto mara tatu kwa wiki inajua haraka nani ameacha kuja, na inaweza kwenda kubisha hodi kwao. Na kwa kuwa wengi katika watoto hao hawatakuwa wachezaji wa kulipwa, klabu inayosahau masomo inawaandalia njaa. Shule ya msingi ya serikali haina malipo tangu 2019. Kanuni iwe nyepesi: asiyeenda masomoni kwa uzembe hachezi mechi. Asiyeenda kwa umaskini, klabu na wazazi wakae chini waone la kufanya.

Wafanye nini, na nani

Entente ya mji inaweza kubadilisha mashindano ya watoto bila kungoja Kinshasa: chini ya miaka 13, wacheze saba kwa saba, katika nusu ya kiwanja, kila mtoto acheze angalau nusu ya mechi, na kusiwe na kombe la kugombania. Hilo halihitaji franka hata moja.

Vilabu viandikishe kila mtoto, kila msimu, na kutunza daftari. Viwe na mipira kabla ya jezi. Jezi zinapendeza kwenye picha, lakini hazifundishi kitu.

Provinsi na komini, pamoja na kamati zinazosimamia ile asilimia 0,3, ziweke viwanja vya mitaa na mafunzo ya makocha katika orodha ya miradi. Tena zifanye haraka, kwa sababu pesa za madini hazina uaminifu: Februari 2025 serikali yenyewe ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana.

Na wewe mzazi, usiseme hauna nguvu. Siku utakapompeleka mtoto wako katika ekipi, muulize kocha maswali matatu. Muna mipira mingapi kwa watoto wangapi? Mtoto wangu ameandikishwa kwa tarehe gani ya kuzaliwa? Na asipokuwa mrefu, atacheza? Kama kocha anajibu bila kukwepa macho yako, mwache mtoto hapo hata kama ekipi haijawahi kushinda kitu. Kama anakuonyesha tu makombe juu ya meza, shika mtoto mkono, endeleeni na njia.